Bastola ya nyama choma: ngozi, nakshi na pembe

Texas kuna bastola ya kazini na kuna bastola ya nyama choma. Ya kwanza ina mikwaruzo, vibao vya plastiki kwenye mpini na ala iliyopauka kwa jua. Ya pili hutolewa kabatini siku kidari cha ng'ombe kimepikwa usiku kucha kwa moshi wa mwaloni, na majirani, jamaa na wageni wamealikwa kula. Imechorwa nakshi, mpini wake ni wa pembe, imelala kwenye ala ya ngozi yenye maua, juu ya mkanda wenye bizimu ya fedha. Aliyemwona bwana harusi wa Unguja au Lamu katika joho na jambia kiunoni haniulizi maana yake: silaha imebaki silaha, lakini siku ile imevaliwa kwa heshima ya shughuli.

Naandika juu yake leo kwa sababu naona watu wanaielewa nusu. Kuna wanaoiona majivuno matupu, na kuna wanaoipenda hadi wanaiharibu. Kinachonivuta mimi ni kwamba ni kazi ya mafundi wanne ambao mara nyingi hata hawajuani, wa chuma, wa mpini, wa ngozi na wa fedha, na kila mmoja anaweza kuharibu kazi ya mwenzake. Kipimo changu ni kimoja tu: baada ya mapambo yote, je, bado ni bastola ya kutumika?

Desturi hii imezaliwa na sheria. Agosti 1870 bunge la Texas lilikataza watu kuingia na silaha kanisani, shuleni, ukumbi wa dansi na kwenye karamu ya mabibi na mabwana. Aprili 1871 likakaza zaidi, likazuia kubeba bastola kwa jumla. Walioachwa ni maofisa wa usalama, msafiri aliye njiani, mwenye sababu ya kweli ya kuogopa kushambuliwa, na mtu aliye kwenye ardhi yake mwenyewe. Kwa hiyo, kwa vizazi kadhaa, bastola iliyoonekana wazi kiunoni karamuni kwa halali ilikuwa ya sherifu, ya askari wa Texas Rangers, kikosi maalum cha polisi wa jimbo, au ya mwenye ranchi aliyealika watu kwake. Leseni ya kubeba kwa kuficha ilianza 1996, ya kubeba wazi 1 Januari 2016, na tangu 1 Septemba 2021 mwenye miaka 21 asiyekatazwa na sheria hahitaji leseni, ila bastola ya wazi lazima iwe kwenye ala. Wengi waliojiunga na desturi hii baada ya 2016 hawajui kwamba wanavaa kitu ambacho babu zao wangeshtakiwa kwacho.

Rangers ndio walioifanya iwe sanaa. Kapteni Manuel Gonzaullas, mzaliwa wa Cádiz huko Hispania, alijulikana kwa bastola zake zilizojaa nakshi. Frank Hamer, aliyeongoza msako wa majambazi Bonnie na Clyde mwaka 1934, alikuwa na bastola ya silinda ya kampuni ya Colt yenye nakshi aliyoiita Old Lucky. Hadi leo nyota ya Ranger huchongwa kutoka sarafu ya fedha ya peso 5 ya Meksiko, ya 1947 au 1948, na fedha hiyohiyo ya mpakani inaonekana kwenye bizimu na mipini yao. Gonzaullas alikata pia sehemu ya mbele ya kikinga kifyatulio ili kidole kiingie haraka. Hilo lisiigwe. Kifyatulio kisichokingwa kinaweza kuguswa na ukingo wa ala au pindo la shati wakati wa kurudisha bastola, na hapo risasi huishia pajani.

Nianze na ngozi, kwa sababu ndiyo watu wanayoibania fedha wakati ndiyo inayoonekana kwanza. Ala nzuri ni ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 3.2 hadi 3.6, ikiwa na bitana ya ngozi nyembamba ndani. Ngozi iliyotengenezwa kwa kromiamu haishiki nakshi na inaweza kuchafua chuma. Fundi huilowesha kisha huiacha ipumue mpaka rangi yake ya asili inaporudi, lakini ukiiweka shavuni bado unaisikia baridi. Huo ndio wakati wenyewe. Ikiwa bado imelowa sana, mkato wa kisu hujifunga na maua hubaki bila makali. Ikikauka, chombo kinagonga juu tu na hakiachi kivuli. Kisu cha kuzunguka hukata theluthi moja hadi nusu ya unene, kamwe si zaidi, maana mkato wa kina hupasuka mkanda unapopindwa. Kisha pembeni mwa kila mstari hukandamizwa kwa nyundo na chombo chenye mteremko ili ua linyanyuke, na nafasi zilizobaki zinachapwa vidoa ili zizame.

Mtindo unaotafutwa zaidi ni wa Sheridan, Wyoming: waridi pori dogodogo, mashina yanayozunguka na kupitana juu na chini. Mtindo wa zamani wa Texas una maua makubwa na majani ya mwaloni. Mimi huupendelea huu wa pili kwenye ala, kwa sababu ala ni ndogo na lazima ipindwe. Mahali ngozi inapokunjika, ua dogo la Sheridan hunyooka na kupotea, jani pana hubaki.

Kosa kubwa hutokea mwishoni. Ala hushonwa kwa uzi uliopakwa nta, mishono sita au saba kwa kila sentimita mbili na nusu, kisha huloweshwa tena ili ishike umbo la bastola, kwa kutumia bastola ya bandia ya plastiki. Fundi mwenye haraka huisugua kwa mfupa kila mahali ili umbo lionekane, na papo hapo maua aliyoyachonga kwa siku kadhaa yanalala. Pale penye nakshi bonyeza kwa vidole tu. Mfupa ni wa kwenye kikinga kifyatulio na ukingo wa mtutu. Iache ikauke siku nzima mbali na jiko na jua.

Mkanda wa Ranger ni wa milimita 38, na mbele unapungua kuwa vipande vyembamba vya milimita 19 vinavyobeba seti ya vitu vinne: bizimu, vitanzi viwili na ncha. Pima kiuno ukiwa umeshavaa bastola na ala, hadi tundu la katikati kati ya matundu matano. Watu hupima bila silaha kisha hushangaa siku ya karamu mkanda haufungi.

Kwenye chuma, Colt tangu zamani wamepanga nakshi kwa daraja: A hufunika robo ya eneo, B nusu, C robo tatu, D yote. Mchoraji hutumia tindo ndogo ya chuma kigumu, anaisukuma kwa nyundo nyepesi au kwa mashine ya hewa, na kila mzunguko wa nakshi lazima ukatwe bila kusimama, maana pale mkono uliposimama jicho litapaona daima. Dhahabu hutiwa kama njumu: huchimbwa mfereji wenye kingo zilizochimbwa kwa ndani, waya laini wa karati 24 hugongwa humo mpaka ujae, kisha husawazishwa.

Fremu ya Colt ya silinda ya mtindo wa 1873 ina mtego. Uso wake umekomazwa kwa kaboni na moto, na ukiuchora hivyohivyo ncha za tindo zinavunjika moja baada ya nyingine. Lazima ilegezwe kwanza, ichorwe, kisha ikomazwe upya au ipakwe nikeli. Katika kukomazwa upya fremu inaweza kujipinda kidogo sana, matundu yakaacha kukutana, na silinda ikaanza kufunga vibaya. Kwa hiyo baada ya nakshi bastola irudi kwa fundi wa bunduki, ikaguliwe kama mpya. Namba ya usajili haiguswi hata kwa kuipamba. Kuifuta ni kosa la jinai la shirikisho. Na kama mkononi una Colt halisi iliyotengenezwa kabla ya 1940, ikiwa na rangi yake ya kiwandani, iache kama ilivyo. Nakshi mpya juu yake ni hasara, hata mkono uwe hodari vipi.

Sasa mpini, ambako hadithi hii inatugusa sisi. Kiwanda cha Colt kilikuwa Hartford, Connecticut. Katika jimbo hilohilo, miji ya Deep River na Ivoryton ilikuwa ikipokea shehena za pembe za ndovu kutoka Unguja, hasa kwa ajili ya vibonye vya piano. Wafanyabiashara wa Marekani walikuwa na mkataba na Seyyid Said tangu 1833 na balozi mdogo Unguja tangu 1837. Pembe zile zilipita Ujiji, Tabora na Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengine wao watumwa. Zilithaminiwa kwa kuwa laini: hukatika vizuri na hazipasuki upesi. Hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba mpini fulani wa mwaka 1880 ulitoka Manyema, mashariki mwa Kongo, lakini ninapoona vibao vya rangi ya maziwa kwenye Colt ya zamani, sioni sababu ya kuzungumza juu ya fundi wa nakshi na kuwanyamazia waliobeba.

Jenerali Patton wa jeshi la Marekani alinunua Colt yake yenye nakshi na mpini wa pembe huko El Paso mwaka 1916, na alikuwa mkali kwa waliosema ni ya lulu. Mabadiliko yalianza kwetu: Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe Nairobi, mwaka huohuo biashara ya kimataifa ikapigwa marufuku, na Aprili 2016 Kenya ikachoma tani 105 nyingine. Tangu 6 Julai 2016 sheria ya shirikisho ya Marekani inazuia kuuza pembe ya ndovu wa Afrika kutoka jimbo moja hadi jingine, isipokuwa kwa masharti. Njia moja ni kitu cha kale chenye zaidi ya miaka 100. Nyingine ni kitu kilichotengenezwa kabla ya siku hiyo, chenye pembe iliyoingia Marekani kabla ya 18 Januari 1990, isiyozidi gramu 200, ambayo ni chini ya nusu ya kitu chote na si ndiyo inayokipa thamani yake kuu. Vibao viwili vya mpini huingia humo kwa uzito, lakini ushahidi wa karatasi ni juu ya muuzaji. Usinunue kwa neno la mdomo.

Wengi sasa hutumia pembe ya mamothi, jamaa wa ndovu aliyetoweka zamani, iliyofukuliwa Siberia au Alaska. Kutofautisha, geuza bastola utazame kitako cha mpini, pale pembe ilipokatwa kwa kukingama. Utaona mistari myembamba inayopishana. Ile iliyo karibu na ganda la nje ikikutana kwa pembe butu, zaidi ya nyuzi 115, ni ndovu. Ikikutana kwa pembe kali, chini ya nyuzi 90, ni mamothi. Mfupa una vidoa vyeusi vidogo, na plastiki ina mistari sambamba isiyokutana popote. New York na California zimekataza kuuza hata ya mamothi. Ningekuwa mimi wa kuagiza mpini leo, ningechukua mfupa wa ng'ombe au micarta, yaani kitambaa au karatasi iliyogandishwa kwa gundi ya plastiki, ya rangi ya maziwa. Karamuni hakuna atakayejua, na hakuna ndovu aliyeanguka.

Vibao vya pembe hupasuka kwa sababu mbili. Kwanza, havikukaa sawasawa kwenye fremu, kwa hiyo kila risasi ikipigwa kishindo kinabeba sehemu moja tu. Ndiyo maana vibao vilivyochongewa bastola moja havihamishwi kwenda nyingine hata iwe ya aina ileile. Pili, skrubu imekazwa kupita kiasi. Kaza mpaka iguse, basi. Ganda la chaza nalo ni hivyohivyo, tena linabanduka kingo.

Siku yenyewe, Colt ya silinda ya mtindo wa zamani hubebwa na risasi tano: tia moja, ruka tundu moja, tia nne, vuta nyundo hadi mwisho, kisha iteremshe taratibu juu ya tundu tupu. Nyundo ikilala juu ya risasi, bastola ikianguka inaweza kulia. Mgeni akiomba kuiona, mwenyewe huitoa pembeni, huelekeza mtutu chini, huondoa risasi zote na kumwonyesha kabla ya kumpa. Kama pombe imeshaanza kuzunguka, jibu ni hapana na hakuna anayenuna. Texas mlevi anayebeba bastola nje ya mahali pake, au pa mtu aliyemruhusu, anavunja sheria. Baa yenye bango jekundu la 51%, yaani ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake ni ya pombe, haiingiwi nayo, na bango la 30.07, namba ya kifungu cha sheria ya jinai, kwa Kiingereza na Kihispania, linamzuia mwenye leseni kubeba wazi.

Mchuzi wa nyama choma una siki na chumvi, na vidole vyenye jasho na mafuta vinapogusa chuma chenye rangi ya bluu, kutu huanza usiku uleule ndani ya mikato ya nakshi. Ukirudi, ondoa risasi, futa kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo, na kwenye mikato tumia mswaki laini. Dawa za kusafisha zenye amonia zisiguse nikeli, kwani hupenya chini na kuibandua. Mafuta ya bunduki yasifike kwenye pembe. Huinyonya na kupata madoa ya manjano yasiyotoka. Pembe ifutwe kwa kitambaa kikavu, isiachwe ndani ya gari juani. Halafu itoe bastola kwenye ala na uziweke mbalimbali, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuushikiza kwenye chuma, na risasi za shaba zilizoachwa kwenye vitanzi vya mkanda hufanya kutu ya kijani inayokula ngozi kutoka ndani.