Taya linakaza, vitamini D nayo iko chini, na niko Dodoma kwenye jua lote hili

Ilianza taya la kulia, nikipiga mwayo linalia "ka!", ikafika kipindi naamka limekaza afu sikio linauma balaa. Duka la dawa wakanipa matone ya sikio, hola. Daktari wa meno ndo akanibonyeza hapa mbele ya sikio, fungua, funga, akasema sikio zima hilo dada, ni kiungo cha taya, mle ndani kuna kisahani laini kikihama kidogo ndo unasikia huo mlio, na usiku unasaga meno. Baba watoto akadakia, "si nakwambiaga, unasaga kama panya ghalani!"

Nilimwambia daktari na miguu na mgongo vinauma, akaandika kipimo cha damu cha vitamini D. Ikaja nanogramu 13 kwa mililita, na chini ya 20 wengi wanahesabu ni upungufu. Nikacheka, Dodoma hii? Akaniuliza tu unatoka nyumbani saa ngapi. Kweli bwana, gari la Mtumba napanda alfajiri, narudi giza, mchana ofisini, na kioo cha dirisha kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini, afu najistiri mwili mzima. Sa ndo imeleta taya? Akasema kuna tafiti zimeona uhusiano, zingine hazijaona, so tutatibu yote mawili ila usitegemee kidonge kiondoe mlio. Hapo nilimwamini.

Basi jioni kitambaa cha maji ya moto shavuni, bigijii nikaacha, nyama choma nikaisahau, ni ugali laini na mlenda (kwa Wagogo hapo huteseki). Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuachanisha meno nikiwa kazini, midomo imefungwa ila meno hayagusani, maana kumbe kwenye kompyuta nayabana mpaka mchana unaisha. Usiku navaa kiplastiki nilichotengenezewa kwa kipimo cha meno yangu, bei msiniulize. Vidonge nilimeza alivyoandika yeye, msijinunulie mkabugia tu, vitamini D ikizidi, kalsiamu inapanda kwenye damu na figo zinaumia. Dagaa na mayai nikaongeza.

Miguu na mgongo vimepoa taratibu, asubuhi taya halikazi tena. Mlio upo bado nikipiga mwayo mkubwa, ila hauumi, na daktari kasema usiouma tuuache. Mahindi ya kuchoma nayapukuchua kwanza, ya kung'ata sijathubutu.