Hesabu ndege maji yakijaa

Ukitaka kujua ndege wahamaji wangapi wametua pwani, usiende maji yakiwa yamekupwa. Saa hizo vitwitwi na sululu wametapakaa topeni, kila mmoja na minyoo yake. Maji yakijaa husogea wenyewe hadi kwenye fungu la mchanga, wakabanana, na hapo ndipo wanahesabika.

Anza saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa. Angalia na mwezi angani, maana ndio unaoamua maji yajae kiasi gani. Siku za maji mafu, yaani yasiyojaa sana, tope halifunikwi lote, kwa hiyo wengine hubaki huko wakila. Bamvua kubwa, maji yanapojaa kupita kawaida, nayo huweza kulifunika fungu lenyewe, kundi likahamia usikokujua. Chagua kimo kimoja cha maji na ukishike kila mwezi, la sivyo utakuwa unapima bahari badala ya ndege.

Jua liwe mgongoni. Darubini ya kusimamisha, ya kukuza mara 20 hadi 60, inatosha. Hesabia kwenye 20, kwa sababu hewa ya moto inayopanda kutoka mchangani huitetemesha picha ukikuza zaidi. Hesabu ndege kumi mmoja mmoja, jicho lishike upana wao, kisha songa kwa kumi kumi. Kundi likiwa la aina nyingi, pata jumla kwanza, halafu chukua vipande vitano au sita vya kundi uone kila aina ina sehemu gani. Usivichukue vyote ukingoni mwa maji: wenye miguu mirefu hupenda kusimama humo. Usiyemtambua mwandike hivyohivyo. Siku ya sifuri nayo iandikwe.

Kipanga akipita wote huruka, na wakitua wamechanganyika upya. Futa, anza tena.

Ulinzi nao uko kwenye saa hizihizi. Mwaka 2022 ndege mmoja wa ukoo wa sululu aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua. Safari kama hiyo huendeshwa na mafuta ya mwilini, na kila anaporushwa na mbwa au droni huyachoma bure. Vichwa vikiinuka na wa pembeni wakaanza kutembea, umeshakaribia mno. Rudi nyuma polepole. Kwenye daftari weka safu ya usumbufu: nini kimewarusha, wangapi, dakika ngapi hadi watulie. Safu hiyo ndiyo itakayoonyesha kamba na kibao vya kuwazuia watu viwekwe wapi, na kwa saa zipi.