Mvinyo wa Mabibo, Barabara ya Newala

Duka lilikuwa katikati ya mji wa Mtwara, na ukuta mzima nyuma ya kaunta ulikuwa wa mvinyo. Rafu ya juu ilishika chupa za Afrika Kusini na Ufaransa, baadhi zikiwa ndani ya maboksi yao, na taa ndogo imezielekea. Chini yake, karibu na magoti ya muuzaji, palikuwa na mvinyo wa Dodoma. Nikauliza kama wana wa mabibo, yale matunda yanayobeba korosho.

"Hatuweki, kaka. Wateja hawauulizi."

Nilitoka na chupa moja nyeupe ya Afrika Kusini, shilingi 38,000, na jibu lile likinikera. Mtu atauulizaje mvinyo ambao hajawahi kuuona mahali popote? Mwaka uliotangulia rafiki yangu alikuwa ameniletea Dar es Salaam chupa ya mabibo kutoka huku huku, na tangu siku ile nilitaka kumwona aliyeitengeneza.

Kesho yake alfajiri nilipanda kosta ya Newala. Ilikuwa Novemba, korosho zimekolea, na ndani ya gari hapakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa bei ya mnada. Tulipita Naliendele, kilipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana nchi nzima kwa mbegu za korosho. Wataalamu wa pale pia wamekuwa wakifundisha watu kusindika mabibo: juisi, jamu, mvinyo. Baada ya Mnivata vumbi likaanza kuingia madirishani, na pamoja nalo harufu ambayo aliyekulia kusini haisahau, utamu uliokwisha kuanza kuchacha. Chini ya kila mkorosho yalitapakaa mabibo mekundu na ya njano. Korosho imeshanyofolewa, tunda limeachwa.

Jambo hili linaniuma. Bibo lina uzito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe, na kwa vitamini C linaliacha chungwa mbali. Lakini likianguka leo, kesho limeharibika, na ushirika haulipimi. Kwa hiyo wengine huyakausha yakawa kochoko, wengine huyakamua uraka, pombe ya kienyeji ya kunywa jioni ile ile, na yanayobaki huliwa na nzi. Mvinyo ni njia ya kulifanya tunda la siku moja lidumu mwaka.

Nilishuka kijiji kimoja kabla ya Tandahimba. Mama mwenyewe, mtengenezaji wa ile chupa, nilimkuta uani, mikono inang'aa kwa maji ya mabibo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila hapo ulipokanyaga kuna maji matamu, nyuki watakufuata."

Alinionyesha kazi tangu mwanzo. Tunda lililopasuka halitaki, anachagua lililoanguka usiku uleule. Analiosha, analikamua, kisha anapambana na ukakasi, ule unaokausha ulimi na kukaba koo. Anachanganya uji mwepesi wa mchele, anaacha uji uzame na ukakasi wake, halafu anachuja kwa kitambaa cheupe mara mbili. Ndipo sukari na hamira. Ndoo inafungwa kabisa isipokuwa mpira mwembamba uliozama kwenye chupa ya maji, hewa inatoka kwa mapovu, ya nje haiingii. Anakaa akihesabu mapovu kama mtu anayemsikiliza mtoto mgonjwa akipumua. Yakikoma, anahamishia chombo kingine, machicha yanabaki chini, na subira inaanza.

Chupa zilikuwa za kuokota hotelini, zimechemshwa. Kwenye lebo palikuwa na picha ya kichala cha zabibu.

Nikamuuliza kwa nini. Hakuona haya.

"Mwanangu, nikiandika mabibo wanasema ni uraka. Nikiweka zabibu wanauliza bei."

Silabi moja na irabu moja tu zinayatenganisha majina hayo, bibo na zabibu, na ndani yake umo ugomvi wote. Nilimsimulia habari za Goa, India, ambako watu hukeneka kinywaji kiitwacho feni kutokana na mabibo hayahaya. Mwaka 2009 jina hilo lilisajiliwa kisheria kuwa mali ya Goa, na wanaliandika wazi kwenye chupa. Nikamweleza na ya Paris mwaka 1976: mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwaonjesha majaji Wafaransa mvinyo bila kuwaonyesha lebo. Mweupe na mwekundu, wa kwanza kote ukatoka California, ambayo wakati ule haikuhesabiwa kitu mbele ya Ufaransa.

Mama alinyamaza kidogo. "Basi na sisi tufunike," akasema.

Wazee watano waliokuwa wamerudi kutoka ghalani waliitwa. Kwanza tulizipanga chupa waziwazi, ile yangu na yake, na nikataja bei: 38,000 na 8,000. Wakaonja. Wote watano wakasema ya kigeni ndiyo tamu. Kisha mama akazikinga kwa kanga, akamimina upya, vikombe vikabadilishwa nafasi. Safari hii watatu wakachagua cha mama. Mzee mmoja alikunywa tena, akageuza kikombe, akauliza mara mbili kama hatukumdanganya.

Lakini sitaficha lililofuata. Tulifungua chupa ya pili ya mama, ya ndoo nyingine, nayo ilikuwa na ukungu na harufu ya siki. Aliinusa, akaimwaga kwenye mchanga bila neno. Kampuni kubwa humpa mwenye duka friji, kalenda na mabango, na mama huyu hana hata kimoja. Hilo ni kweli na ni zito. Ila kuna jingine ambalo matangazo hayahusiki nalo: anayenunua chupa ya kigeni ana hakika ya leo itafanana na ya jana. Mpaka chupa ya pili ya mama ifanane na ya kwanza, muuzaji ana haki ya kusita. Nilimwambia hivyo hivyo, naye akajibu kwamba anahitaji mapipa yanayofunga vizuri, si maneno.

Nilinunua sita za ndoo nzuri. Kabla sijaondoka alibandua lebo za zabibu kwa maji ya moto, akakata plasta nyeupe vipande sita, akaandika kwa kalamu ya wino kila kimoja: MABIBO.

Kesho yake nilirudi dukani, nikamwomba kijana muuzaji kikombe. Alionja akiwa amesimama, akaonja tena akiwa ameketi.

"Una nembo ya TBS?" Alimaanisha Shirika la Viwango Tanzania.

"Ameshaomba. Anasubiri."

"Ikija, niletee dazeni moja nijaribu. Hii niachie." Akaiweka chini ya kaunta, siyo kwenye rafu.

Nilimpigia mama simu kutoka stendi, nikamweleza neno kwa neno. Habari ya dazeni haikumshughulisha.

"Alikuuliza kama ni zabibu?"

"Hapana, mama. Alisoma plasta."

Akacheka, akaniomba nisikate simu kwanza, nikamsikia akimwita jirani aje asikie.