Kufukia bomba la maji hadi bustani ya mbali

Mtu anayetaka kupeleka maji kwenye bustani iliyo mbali na nyumba huanza kwa kuuliza bei ya bomba, nami naona swali hilo huja mapema mno. Bomba hununuliwa dukani na kubebwa begani siku hiyohiyo. Mtaro ndio unaokula nguvu, vibarua na subira, na ukishafukiwa hakuna anayetamani kuufukua tena kwa sababu maji yanachuruzika kidogo. Kwa hiyo nilijiwekea kanuni moja tangu mwanzo: nisibane matumizi kwenye kitu chochote kitakachokaa chini ya udongo.

Bustani yetu ya mboga iko mita 190 kutoka kwenye tangi, ng'ambo ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, huku Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wazee wetu walitatua suala la maji kwa mifongo, ile mifereji ya wazi inayochukua maji mitoni na kuyazungusha vihambani kwa zamu, na kwa ustadi wa kufuata mteremko bila chombo cha kisasa sijaona wa kuwashinda. Hata hivyo mfongo hupoteza maji mengi njiani kwa kunywewa na udongo, na zamu ya ukoo haiusubiri mchicha wangu. Maji ya tangi ni machache, yanataka bomba. Na bomba nalo linataka kufukiwa, kwa sababu likiachwa juu jua huyachemsha maji yaliyomo, ng'ombe hulikanyaga, jembe hulikata, na moto wa kuchomea mabua huliyeyusha kwa dakika chache.

Kabla ya kuchimba nilipima kimo. Nilitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao waashi husawazishia msingi, nikaenda nao hatua kwa hatua kutoka tangini hadi bustanini nikiandika kila tofauti kwenye daftari. Kwa kuwa bustani iko kando ya mteremko zaidi kuliko chini yake, jumla ilikuwa mita 4 tu. Kila mita 10 za kimo hutoa mgandamizo wa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha nguvu ya kusukuma ya maji), hivyo mita zangu 4 hazifiki hata nusu ya bar, na maji yenye nguvu ndogo kiasi hicho huathiriwa sana na upana wa bomba.

Hapo ndipo mimi na fundi tulipotofautiana.

“Mwalimu, weka robo tatu ya inchi, inatosha. Watu wote wanaweka robo tatu.”

“Fundi, kwa mita 20 ningekubaliana nawe. Kwa mita 190 naomba tuweke inchi moja.”

Sikuwa nabisha kwa ukaidi. Maji yanapopita ndani ya bomba husuguana na kuta zake, na msuguano huo hupanda kwa kasi kubwa bomba linapopungua upana. Bomba jeusi la HDPE, aina ya plastiki ngumu, la milimita 25, ambalo ndilo robo tatu ya fundi, kwa urefu wangu na kimo changu lingetoa takriban lita 12 kwa dakika. Lile la milimita 32, ambalo ndilo inchi moja yangu, linatoa takriban lita 25. Milimita 7 za ziada, ambazo dukani unaweza usizione kwa macho, zinaongeza maji maradufu. Ndoo ya lita 20 iliyokuwa ijae kwa zaidi ya dakika moja na nusu sasa hujaa kabla dakika haijaisha, ilhali mtaro ni uleule na kibarua ni yuleyule.

Kuhusu kina, nchi za baridi kali hufukia bomba chini sana ili maji yasigande. Huku kwetu kina huamuliwa na jembe. Sentimita 50 zinatosha mahali panapolimwa mboga, lakini kihambani hazitoshi, kwa maana shimo la kupandia mgomba hufika sentimita 60 na kuzidi, na migomba hupandwa upya mara kwa mara. Kwa sababu hiyo niliupitisha mtaro pembezoni, nikalazimika kumega kipande cha ardhi ya jirani, bibi ambaye ni rika la mama yake mama yangu. Nilimwamkia shikamoo, nikaeleza haja yangu, akanijibu: “Marahaba, mjukuu wangu. Pitisha, ila migomba yangu usiiguse mizizi.” Hatukuigusa. Kuna aliyenishauri nioteshe masale, mimea ya kuwekea mipaka, juu ya mtaro ili njia ya bomba ijulikane, ushauri ambao nisingempa hata adui yangu: Uchagani sale ni mpaka, na safu ya masale ndani ya shamba la mwenzako ni kesi ya kurithiwa na wajukuu. Badala yake nililaza vipande vya vigae vilivyovunjika sentimita 20 juu ya bomba, ili atakayechimba asikie mlio wa kigae kabla jembe halijafika kwenye plastiki.

Ulazaji wenyewe una siri yake. Plastiki hii hutanuka na kusinyaa kupita chuma: roli ya mita 100 iliyolala juani mchana, ikipoa kwa nyuzi 20, hupungua urefu kwa zaidi ya sentimita 30. Ukilinyoosha bomba likiwa la moto na kulikaza kwenye viungio, usiku litajivuta na kuchomoka. Tulililaza likiwa limepindapinda kidogo kama nyoka, tukafunga viungio jioni lilipokuwa limepoa. Kwa kuwa roli mbili zilitosha, katikati kuna kiungio kimoja tu, nami nilijenga kisanduku cha matofali juu yake ili kisifukiwe kabisa.

Sakafu ya mtaro isiwe na mawe yenye ncha, jambo lisilo rahisi kwenye udongo wetu wa volkano. Tulichekecha udongo laini, tukauweka chini na juu ya bomba, ndipo mawe yakarudi mwisho. Pia tuliangalia kwamba mtaro haupandi na kushuka ovyo. Bomba likiwa na nundu, hewa hukusanyika pale juu na kuyabana maji, na kwa mgandamizo mdogo kama wangu hewa hiyo haisukumiki. Palikuwa na mahali pamoja pa namna hiyo karibu na mti wa mruka, tukachimba zaidi pale hadi nundu ikaisha.

Hatukufukia viungio siku hiyo. Tulijaza maji polepole huku mwisho wa bustanini ukiwa wazi ili hewa itoke, tukafunga koki, tukakausha kila kiungio kwa kitambaa na kukinyunyizia majivu makavu. Asubuhi majivu ya kiungio kilicho karibu na tangi yalikuwa na duara dogo jeusi upande wa chini, si tone, ni unyevu tu. Fundi alikikaza robo mzunguko, tukanyunyiza majivu mengine, na hayo yalibaki meupe.

Bustanini niliweka tii, kiungio chenye umbo la herufi T, yenye matoleo mawili, moja la mpira wa kumwagilia, jingine nimeliziba kwa ajili ya tangi dogo la baadaye. Mwenye tangi kule mwisho anaweza kutosheka na robo tatu ya fundi, kwa kuwa lita 12 kwa dakika zikitiririka usiku hujaza tangi la lita 1,000 kwa muda usiofika saa moja na nusu. Lakini kwangu tangi hilo, jukwaa lake na boya lake vingegharimu zaidi ya tofauti ya bei kati ya bomba hizo mbili.