Sekunde 27 za Kiti Kitupu

Kopo la filamu lilikuwa limeandikwa kwa wino uliofifia: herufi mbili za mwanzo wa jina, maneno "kazi ya mwisho", na mwaka 1974. Nililivuta kutoka nyuma ya rafu ya chini, nikalifungua palepale sakafuni. Harufu ya siki ilinipanda puani hadi machozi yakanitoka.

Nilikuwa najitolea kwenye chuo kimoja kilichotaka kugeuza stoo yake kuwa chumba cha kompyuta. Kazi yetu ilikuwa kuchambua tu, cha kubaki huku, cha kutupwa kule. Mwalimu aliyetusimamia, mtu wa maneno machache, alituambia asubuhi ile kwamba filamu za wanafunzi ndizo hufa mwanzo. Nyingi zilipigwa kwa mkanda wa milimita 16 usio na negativu: mkanda uleule uliopita ndani ya kamera ndio uliosafishwa, ukakatwa, ukaungwa na kuoneshwa. Ukiharibika, basi. Hakuna kampuni ya kuudai, na mwenyewe ameshahama nyumba mara tano.

Akatutolea mfano wa Charles Burnett. Filamu yake Killer of Sheep ilikuwa kazi ya kuhitimu chuo kikuu cha UCLA, Marekani, miaka ya 1970, lakini haikuingia sawasawa kwenye majumba ya sinema hadi 2007, kwa kuwa haki za nyimbo zilizotumika ndani yake hazikuwa zimelipiwa. "Na hiyo ni yenye bahati," akasema. "Watu waliikumbuka."

Basi mimi, kwa kiherehere cha ujana, nikajiona ndiye nimeshika yenye bahati nyingine. Mwalimu alipotoka kwenda kula, nikaitoa projekta kabatini, nikaupitisha mkanda kwenye meno yake na kuwasha taa. Niliona uso wa kijana wa kike akigeuka dirishani. Kisha mlio, kama mtu anayechana shuka, na picha ikaanza kurukaruka ukutani. Nilipozima, matundu ya pembeni yalikuwa yamechanika urefu wa kama kiganja.

Mwalimu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alichukua kipande cha mkanda mpya mtupu, akahesabu fremu 100, yaani nafasi za picha moja moja, na kukinyoosha mezani: milimita 762. Kando yake akalaza fremu 100 za mkanda wa 1974. Uliishia kwenye 753. Akaweka ukucha wake kwenye lile pengo la milimita 9 na kuniacha nilitazame. Mkanda kama ule, wa plastiki ya asetati, ukizeeka hutoa asidi ileile ya siki, na kadiri inavyotoka ndivyo mkanda unavyosinyaa. Ukipungua zaidi ya asilimia 1, meno ya projekta hayakutani tena na matundu. Yanajitobolea njia yao. Pua yangu ilikuwa imeniambia yote hayo tangu sakafuni.

Kulikuwa na kopo la pili, la sauti. Hilo hata halikuhitaji mkosaji. Sauti ilirekodiwa kwenye mkanda wa sumaku, na ule unga wa chuma unaoshika sauti huharakisha uozo. Tulipolifungua tulikuta gurudumu gumu, tabaka zimegandana, unga wa kahawia ukidondoka mezani. Tulilitenga upesi, maana mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani.

Wiki tatu nilikaa na ule wa picha. Nilivaa glovu za pamba, nikauzungusha kwa mkono, polepole, kiungo baada ya kiungo. Gundi ya zamani ilikuwa imekauka, kila mahali palipoungwa paliachia nikipagusa. Nilibandika upya viungo 64. Pale nilipopachana mwenyewe palinichukua siku nzima, na bado panaonekana. Baadaye mkanda ulipelekwa kwenye mashine ya kuskani isiyo na meno, inayousogeza kwa magurudumu laini tu. Tukapata dakika 11, kimya.

Nikapewa kazi ya kuandika maelezo ya kumbukumbu. Niliandika kwa mbwembwe, nakiri. Kulikuwa na shoti moja ya kiti kitupu karibu na dirisha, hakuna mtu, hakuna kinachosogea, sekunde 27. Niliisifu aya nzima: uthubutu wa msanii kijana, utupu unaosema kuliko maneno.

Mwenye filamu tulimpata kupitia majina yaliyoandikwa mwishoni. Alikuja na miwani miwili, wa kuonea mbali na wa kusomea, akawa anabadilisha. Picha iliporuka nikamwambia mara moja kwamba hapo ni mimi niliyeichana, si umri. Akanipigapiga mkono bila kuondoa macho kwenye skrini.

Kilipofika kiti, akacheka hadi akavua miwani.

"Huyu dada aliondoka kwa hasira," akasema. "Tuligombana. Nikamkimbilia nje, kamera nikaiacha inazunguka."

"Ikazimika vipi, Mama?"

"Springi iliisha. Ilikuwa Bolex ya kutia ufunguo, mwanangu. Ukiijaza kabisa inakupa sekunde kama 28, basi. Na mkanda wa kurudia hatukuwa nao, ikabidi niiache humo humo."

Nilikuwa nimeupima muda ule kwa saa, na kamera za aina hiyo zilikuwa rafuni mgongoni mwangu wiki zote tatu. Nilichukua kalamu nikaanza kuikata ile aya. Akanyoosha shingo, akabadilisha miwani, akaisoma yote taratibu, midomo ikicheza.

"Aah, hebu iache," akasema. "Nisomee tena hapo penye utupu."