Peremende za limao zilinimalizia meno baada ya kupandikizwa seli shina

Miezi tisa baada ya kupandikizwa seli shina za kaka yangu, zile zinazotengeneza damu, jino la mbele la chini lilikatika nikila mkate laini. Sikusikia maumivu. Nilitema kipande mkononi nikakigeuza: juu cheupe kabisa, chini pale lilipokutana na ufizi kahawia, kinamomonyoka kama chaki iliyolowa. Wiki hiyohiyo vipimo vya uboho vilikuwa vimerudi safi. Saratani ya damu haionekani, na mimi nimekaa mezani na jino kiganjani, nalia.

Nilikuwa nimetunza kinywa hiki tangu siku ya kwanza, ndiyo maana iliniuma sana.

Nianze na barafu, kwa sababu hapo nilishauriwa vizuri. Siku ya melfalani, dawa kali ya kuandaa mwili kabla ya kupokea seli, nesi aliingia na kikombe cha barafu iliyopondwa akaniambia, "Jaza mdomo kwanza, dripu nitaifungua baadaye." Barafu inaifanya mishipa midogo ya kinywa isinyae, na damu iliyobeba dawa inapita pale kidogo tu. Melfalani haikai sana kwenye damu, kwa hiyo ukivumilia saa hizo chache umeokoa ngozi ya mdomo. Nilianza dakika kumi kabla, nikaendelea muda wote wa dripu na nusu saa ya ziada. Sharti iwe imepondwa. Mabonge makubwa yanakaa sehemu moja, yanaunguza hapo na kuacha kwingine kote. Nilikuwa naisogeza kwa ulimi kama mtu anayepiga deki: chini ya ulimi, nyuma ya midomo, shavu hili, shavu lile, hadi karibu na koo. Mwili ukitetemeka, jifunike blanketi na uvae soksi, ila barafu usiiteme. Dakika ya ishirini taya zinauma hadi masikioni. Vumilia.

Vidonda vilikuja hata hivyo, kuanzia kama siku ya 7 tangu kupokea seli, na sindano za methotreksati za siku ya 1, 3, 6 na 11 zilichangia. Zile ni za kuzuia seli za mchangiaji zisiushambulie mwili, lakini nazo huchubua kinywa. Nilihitaji morfini siku nne. Maji niliweza kumeza kila siku, na hilo nalishukuru mpaka leo. Chembe nyeupe za damu zilipoanza kupanda, kinywa kikaanza kufunga chenyewe, nikarudi nyumbani nikidhani habari za mdomo zimeisha.

Mwezi wa tano kikaanza kitu kingine. Mate yalikauka. Nikiamka usiku ulimi umegandamana na kaakaa, nasikia ukibanduka. Dawa ya meno yenye mnanaa ikawa inawasha kama pilipili. Nikila, malengelenge madogo ya maji yanatokea kaakaani, yanapasuka yenyewe. Kwenye kioo niliona ndani ya shavu la kushoto nyuzi nyeupe nyembamba zimesukwa kama kimia. Nilinyamaza. Nilijiambia ni mabaki ya kemo, na kliniki nilikuwa nazungumzia ini na ngozi tu. Miezi ile miwili ya kunyamaza naijutia kuliko yote, kwa sababu zile zilikuwa seli za kaka yangu zimeanza kukiona kinywa changu kama kitu kigeni. Madaktari huita pandikizi kumshambulia mwenyeji, na hali hii ikishakuwa sugu, kinywa ni kati ya sehemu zinazoguswa mara nyingi. Tezi za mate nazo hushambuliwa.

Katika miezi ile ndipo niliposhauriwa limao. Kila niliyemlalamikia ukavu, wakiwemo watu waliopaswa kujua, aliniambia: nyonya limao, nyonya peremende chachu, mate yatakuja. Ni kweli yalikuja, kwa dakika tano. Nikaongeza nyingine. Mwishowe zilikuwa kila mfuko, kando ya kitanda, chini ya mto, na usiku nililala moja ikiyeyuka shavuni. Hakuna aliyeniambia kwamba mate ndiyo yanayosuuza asidi na kurudishia jino madini yake. Mimi sina mate, na naogesha meno kwa asidi na sukari mchana kutwa na usiku kucha. Daktari wa meno alihesabu matundu tisa, karibu yote shingoni mwa jino, kwenye mstari wa ufizi. Alipoona pakiti mkononi mwangu hakunigombeza. Aliichukua akaiweka kwenye pipa la taka, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Hiyo deksamethasoni ya kusukutua, unakaa nayo mdomoni muda gani?"

Nilikuwa naitumia kwa wiki tatu na sikuona nafuu yoyote. Nikamjibu, sekunde kumi hivi, kama ya kusukutua ya kawaida.

"Dakika tano, ndugu yangu. Tega saa."

Dawa ile ni steroidi, ya kutuliza shambulio la seli kinywani, na inafanya kazi kwa kulowesha ngozi, kwa hiyo sekunde kumi ni sawa na kuimwaga sinkini. Siku ya kwanza dakika tano zilinishinda. Dakika ya tatu kooni panakaba, mate machache yaliyobaki yanachuruzika kidevuni. Nikagundua namna. Chukua kijiko kimoja cha chai tu, wala usijaze mdomo. Inamisha kichwa mbele kidogo, pumua kwa pua, na kila dakika lalia upande mwingine ili dawa itulie kwenye shavu lile. Ukimaliza tema, usisuuze, usile wala kunywa kwa nusu saa. Mara nne kwa siku. Nilipanga kuzunguka sala na milo, nikabandika ratiba juu ya sinki. Kidonda kimoja sugu, kule nyuma kati ya shavu na gego, hakikufikiwa hata hivyo. Kwa ruhusa ya daktari nililowesha kipande cha shashi kwa dawa ileile, nikakipachika pale kwa kidole na kukaa nacho robo saa. Siku ya kumi na mbili nilikunywa chai vuguvugu kwa shavu lile bila kushtuka.

Dawa hii inashusha ulinzi wa kinywa, kwa hiyo tazama fangasi. Namna ya kutofautisha niliyofundishwa: utando wa fangasi ukiufuta kwa shashi unatoka na kuacha wekundu, ile kimia haifutiki. Mimi nilipata mara mbili, nistatini, dawa ya fangasi, ikamaliza.

Meno yalikula pesa nyingi, sitaki hata kujumlisha. Nane yalizibwa. Lililokatika mzizi wake uling'olewa, baada ya kuhakikisha chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimezidi 50,000 kwa kila mikrolita na daktari wa damu kukubali. Na kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, mwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo, maana taya linaweza kukataa kupona. Sasa natumia dawa ya meno ya floraidi 5,000 ppm (sehemu kwa milioni), ya kuandikiwa na daktari. Za kawaida huishia karibu 1,450. Usiku natema povu bila kusuuza. Bei yake imezidi ya kawaida mara kadhaa, lakini tundu moja tu la kuziba linanunua za mwaka mzima. Asubuhi natumia ya watoto isiyo na mnanaa. Badala ya peremende natafuna bazoka isiyo na sukari, yenye ksailitoli, kitu kitamu kisichoozesha meno, na chupa ya maji haitoki mkononi.

Kuna jambo moja nalifanya kila asubuhi kabla ya mswaki. Napanga vidole vitatu wima, naviingiza kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia, taya bado linafunguka sawasawa. Siku vikianza kubana nataka kliniki wajue wiki hiyohiyo, maana ngozi na misuli ikikakamaa kuifungua tena ni kazi. Na kila miezi sita daktari wa meno ananivuta ulimi kwa shashi, anakagua kingo zake na chini yake kutafuta saratani, kwani kwa sisi tuliopandikizwa hatari hiyo haiishi kwa miaka mingi. Nami kidonda kikipita wiki mbili sisubiri miadi.

Mwezi ujao natimiza miaka miwili tangu kupandikizwa. Kimia cha shavuni kimebaki ukubwa wa ukucha. Mkate naukata kwa kisu, vipande vidogo, nachovya kwenye maziwa, na natafuna pande zote mbili.