Presha 836: Sensa Haijafa, Nairobi Ndiyo Iko Juu

Najijengea kituo kidogo cha hali ya hewa nyumbani. Basi ukinunua sensa ya BME280, ile ndogo inayopima presha, joto na unyevu wa hewa, ukaiwasha hapa Nairobi ikakuonyesha presha ya hewa ya hektopaskali 836, tafadhali usikubali mtu akuambie imeharibika. Mimi niliambiwa hivyo na karibu kila niliyemuuliza. Muuzaji alisema nirudishe nibadilishiwe, kwa kuongeza pesa kidogo, bila shaka. Jamaa mwingine anayejiita injinia akasema lazima isome 1013, kwa hivyo niongeze 177 ndani ya programu na mambo yatakaa sawa. Loh!

Hiyo 1013 ni ya usawa wa bahari. Huku mtaani Umoja tuko zaidi ya mita 1,600 juu, na hewa iliyobaki juu ya vichwa vyetu ni kidogo kuliko ya mtu wa Mombasa. Basi.

Kubishana kulinichosha. Nikaunganisha sensa na ESP32, kibodi kidogo cha kompyuta chenye Wi-Fi, kwenye pawabenki, namba zikawa zinaingia kwenye simu, nikapanda matatu ya Limuru. Tulipopita Kangemi namba ikawa inashuka. Kinoo, imeshuka. Kikuyu, imeshuka tena. Kila mita kumi hivi tunazopanda, inapungua moja. Kufika Limuru ilikuwa 780 na kitu, baridi inauma, na mimi nacheka peke yangu na nyaya mapajani. Mama wa kiti cha pili akavuta mkoba wake karibu. Nilimtumia injinia picha ya skrini. Ameisoma, jibu hakuna mpaka leo.

Uhondo mwingine: iache iandike mchana na usiku. Utaona presha inapanda mpaka saa nne asubuhi hivi, inashuka mpaka saa kumi jioni, inapanda tena hadi saa nne usiku. Kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Ni joto la jua linalotikisa anga nzima, na huku karibu na ikweta mtikisiko huo huonekana wazi kuliko Ulaya. Kwa hivyo programu inayosema "presha imeshuka, mvua yaja" itakudanganya kila alasiri.

Kasha la kuwekea sensa nilichapishiwa na kijana mmoja mjini mwenye printa ya 3D, anayetoza kwa gramu. Alitaka kutumia plastiki ya PLA. Nikakataa, maana PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na jua la Februari juu ya paa halina mchezo. Tukatumia PETG nyeupe, plastiki inayostahimili joto zaidi. Umbo ni vibamba vilivyopangwa vikiacha nafasi, upepo upite lakini jua lisiguse sensa. Kazi ile ile ya sanduku jeupe la Stevenson, la kuwekea vipimajoto, tulilochungulia kwenye somo la jiografia.

Kipimo cha mvua ndicho ninachojivunia. Ndani kuna vikombe viwili vinavyobembea: kimoja kikijaa kinainama na kumwaga, sumaku inapita mbele ya swichi, ESP32 inahesabu. Sasa, utajuaje kila mwinamo ni mvua kiasi gani? Faneli yangu ina kipenyo cha sentimita 16, yaani eneo la sentimita 201 za mraba, kwa hivyo mililita 20 za maji ni milimita moja ya mvua. Nikaenda duka la dawa kununua bomba la sindano la mililita 20. Mhudumu akanitazama vibaya. Nikamwambia ni la kupimia mvua, akazidi kunitazama. Nyumbani nikadondosha maji polepole, nikikaza na kulegeza skrubu mpaka vikombe vikainama mara nne kwa kila bomba, yaani kila mwinamo ni robo milimita ya mvua. Usiharakishe: maji yakija kwa kasi, mengine hupita wakati kikombe kinapinduka na hayahesabiwi.

Gharama? Elfu sita hivi, nauli ya Limuru ikiwemo. Weka kasha mbali na tangi jeusi la maji, hilo hutunza joto hadi usiku. Na faneli uiwekee wavu. Kunguru wa huku hawana adabu.